Mwongozo kamili wa kuandika, kuthibitisha na kutunza mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji

Shauri la ardhi ya kijiji likifika mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, swali halichelewi: mkutano mkuu uliridhia lini, na muhtasari uko wapi? Hapo ndipo vijiji vingi vinapokwama. Watu wanakumbuka vizuri kwamba walikaa, wakabishana mpaka jua likapinda, wakakubaliana. Lakini kwenye kaunta buku kuna mistari minne tu, bila idadi ya waliohudhuria wala sahihi ya mwenyekiti. Au daftari lenyewe halipo, maana mtendaji alihamishwa na hakuna aliyekabidhiwa kitu.

Mwongozo huu ni wa Watendaji wa Vijiji, wa wenyeviti na wajumbe waliochaguliwa Novemba 27, 2024, na wa mwanakijiji yeyote anayetaka kujua akague nini anapoonyeshwa muhtasari. Unahusu vijiji vya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake wa shehia.

Jua kwanza unaandikia kikao kipi

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya 1982, yaani Sura 287, inaweka vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Kifungu cha 141 kinaufanya kuwa chombo cha juu kabisa katika mambo yote ya sera za kijiji. Mkutano wake wa kawaida unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mwaka wenye mihtasari pungufu ya minne una jambo la kuulizwa.

Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25 na hukaa kila mwezi. Kisheria ni taasisi inayojitegemea: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Ndiyo maana kumbukumbu zake si mali ya mtendaji aliyepo wala ya mwenyekiti aliyepo.

Vikao vyote viwili huongozwa na mwenyekiti wa kijiji, na katibu wake ni Mtendaji wa Kijiji. Kwa kuwa sura ni zilezile, daftari nalo huwa lilelile, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Weka madaftari mawili, na kila moja liandikwe jalada lake kwa herufi kubwa. Azimio la wajumbe 18 wa halmashauri haligeuki kuwa uamuzi wa wanakijiji kwa sababu tu limeandikwa ukurasa unaofuata mkutano wao.

Tofauti hii ina uzito zaidi kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema halmashauri inasimamia ardhi kama mdhamini anayetunza mali ya wanakijiji, na kifungu cha 8(5) kinaizuia kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu kilichotangulia. Kilichotangulia. Ukikuta barua ya kumkabidhi mtu eneo ni ya Machi na muhtasari wa mkutano mkuu ni wa Juni, umeona kasoro bila kuhitaji wakili.

Hatua ya 1: Tunza tangazo

Kumbukumbu za mkutano huanza siku unapotangazwa. Andika tangazo lenye tarehe, saa, mahali na agenda zote, lisainiwe na kugongwa mhuri, kisha libandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kijiji na kila kitongoji. Toa siku saba au zaidi. Mbiu ya mgambo, kipaza sauti na matangazo ya msikitini na kanisani yafuate baada ya hapo, kwa sababu wengi hawapiti kwenye mbao.

Nakala moja ya tangazo iingie kwenye jalada la mkutano huo. Chini yake andika lilibandikwa wapi, lini na nani. Wenyeviti wa vitongoji wasaini kwamba wamelipokea. Atakayedai baadaye kwamba watu hawakuitwa atajibiwa kwa karatasi hiyo.

Agenda ziandikwe kwa ukamilifu. "Suala la ardhi" haitoshi. Andika "Maombi ya kikundi cha ufugaji nyuki kupewa ekari 12 katika kitongoji fulani". Mama mwenye shamba linalopakana na eneo hilo anahitaji kujua kwamba siku hiyo haifai kwenda mnadani.

Hatua ya 2: Mahudhurio, mahali ambapo udanganyifu hupenyea

Nitakaa hapa kidogo. Karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari ni hatari kubwa kuliko kukosa karatasi kabisa. Orodha ya majina na sahihi zilizokusanywa kwenye semina ya afya au ugawaji wa vyandarua inaweza kubanwa nyuma ya muhtasari wa ardhi, na ghafla watu 200 wanaonekana wameridhia jambo ambalo hawakulisikia. Anayesaini karatasi tupu hawezi kujua itaishia wapi.

Kwa hiyo, kabla karatasi haijaanza kuzunguka, kila ukurasa uwe tayari na jina la kijiji, aina ya mkutano, tarehe, agenda kuu na namba ya ukurasa. Chora safu za namba, jina kamili, jinsi, kitongoji, na sahihi au dole gumba. Weka pedi ya wino mezani, na mtu asiyejua kuandika aandikiwe jina lake na mjumbe wa kitongoji chake, kisha aweke dole mwenyewe. Asisainiwe na mtu mwingine, hata kama ni mwanawe.

Wageni wawe na orodha yao. Diwani asiye mkazi, maofisa wa wilaya, watu wa kampuni na waandishi wa habari hawahesabiwi kwenye akidi, yaani idadi ya chini ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali, na hawapigi kura. Kama kuna posho au nauli inayolipwa, karatasi ya malipo iwe nyingine kabisa, na isemwe hadharani kuwa ni ya malipo.

Mkutano ukifungwa, piga mstari kwenye nafasi zote zilizobaki wazi ili jina lisiongezwe. Mwenyekiti na mtendaji wasaini chini ya kila ukurasa. Kisha jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, ikitenganisha wanawake na wanaume: "254 (mia mbili hamsini na nne), wanawake 131, wanaume 123." Idadi hiyo ilinganishwe na idadi ya wakazi wenye miaka 18 na zaidi kwenye daftari la wakazi, ili anayesoma aone mara moja kama akidi ilitimia. Kama haikutimia, andika hivyo, andika na saa mkutano ulipoahirishwa. Muhtasari mfupi unaosema mkutano uliahirishwa kwa kukosa akidi ni kumbukumbu halali na ya heshima.

Safu ya namba za simu iache. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, hakuna sababu ya kukusanya taarifa zisizohitajika.

Hatua ya 3: Andika mkutano unapoendelea

Mpangilio wa agenda unajulikana, ufuate: kufungua mkutano, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo (maazimio ya mkutano uliopita yamefikia wapi), taarifa ya mapato na matumizi, mambo makuu ya siku, mengineyo, kufunga. Kila agenda ipewe namba na mwaka.

Huhitaji kuandika kila neno. Andika jambo lililowasilishwa, aliyeliwasilisha na cheo chake, hoja kuu za kuunga mkono na za kupinga, maswali yaliyoulizwa pamoja na majibu yake, kisha azimio. Hoja za waliopinga ziandikwe kwa uaminifu uleule. Muhtasari unaoonyesha kwamba kila mtu alikubali kila kitu kwa furaha hauaminiki, na haumsaidii hata aliyeshinda, kwa sababu unazua shaka kwamba mjadala haukuwapo.

Waandikishe wanawake waliozungumza. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, lakini katika mihtasari mingi sauti yake huishia kwenye idadi ya waliohudhuria. Mjane aliyesimama akasema eneo linalogawiwa ndilo analolima tangu mumewe akiwa hai amesema jambo ambalo siku moja litahitajika.

Mjumbe mwenye maslahi, labda mwombaji ni kaka yake au kampuni imemwahidi kazi, aseme kabla ya mjadala. Iandikwe kwamba amesema, na kwamba alikaa pembeni wakati wa kuamua.

Kumrekodi msemaji kwa simu kunasaidia, mradi mwenyekiti awatangazie watu. Sauti hiyo ni msaada wa mwandishi. Haichukui nafasi ya muhtasari uliosainiwa.

Mengineyo yalindwe. Hapo watu wameshachoka, nusu wameondoka, na ndipo jambo zito linapochomekwa. Ardhi, michango, sheria ndogo na uuzaji wa mali ya kijiji visiamuliwe kwenye mengineyo, kwa kuwa havikutangazwa. Andika tu kwamba vimeibuliwa na vitaletwa mkutano ujao vikiwa agenda kamili.

Hatua ya 4: Azimio liandikwe mpaka mgeni alielewe

Mfano wa kwanza ni wa kubuni, wa aina ninayokutana nayo mara nyingi:

"Wananchi walikubali kikundi kipewe eneo."

Eneo gani? Kubwa kiasi gani? Kwa muda gani? Wangapi walikubali? Miaka kumi baadaye kikundi kinalima ekari 40 na hakuna anayeweza kukizuia kwa sentensi hiyo.

Sasa huu, wa kubuni pia:

"AZIMIO NA. 3/2025. Mkutano mkuu umeridhia Halmashauri ya Kijiji iwape wanakikundi wa ufugaji nyuki matumizi ya ekari 12 katika kitongoji cha Mashariki, eneo linalopakana na mto upande wa kaskazini, barabara ya shule upande wa kusini, na mashamba ya wanakijiji waliotajwa kwenye Kiambatisho A pande za mashariki na magharibi. Muda ni miaka 5. Eneo halitauzwa wala kukodishwa kwa mtu mwingine. Waliokubali 214, waliokataa 31, wasiopiga kura 9. Mtekelezaji ni Halmashauri ya Kijiji. Taarifa itolewe mkutano mkuu ujao."

Ona kwamba kura zinajumlishwa kufika 254, sawa na waliohudhuria. Zikipishana, eleza sababu: watu 20 waliondoka saa tisa, kwa mfano. Hesabu isiyokubaliana na mahudhurio ndicho kitu cha kwanza ambacho wakili wa upande wa pili atakitafuta. Kura za kunyoosha mikono zihesabiwe na watu wawili kutoka pande zinazopingana, na majina yao yaandikwe.

Ahadi za wageni nazo ziingie ndani ya azimio kama masharti. Kisarawe, wilaya ya Mkoa wa Pwani, inatosha kuwa somo. Kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka ardhi ya vijiji vya huko ili kulima mibono kaburi (jatropha) ya mafuta, na mwaka 2011 shughuli zikasimama. Wanakijiji walieleza kwamba walikuwa wameahidiwa visima, zahanati, shule na ajira, na walipotaka kudai, ahadi nyingi zilikuwa za mdomo. Mgeni akisema mbele ya mkutano kwamba atachimba kisima, mwandishi anyooshe mkono amuulize: kisima kimoja au viwili, wapi, kufikia tarehe gani? Majibu yaandikwe, yasomwe, naye asaini ukurasa huo.

Kuna maamuzi yenye masharti yake ya kisheria, na muhtasari uyaonyeshe wazi. Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi kijijini, lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Halmashauri inapendekeza majina, mkutano mkuu unaidhinisha. Andika majina yote saba na jinsi ya kila mmoja. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani ardhi isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na mkutano mkuu. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri mwenye dhamana ya ardhi baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano mkuu. Kwa hiyo ukubwa wa eneo, kwa hekta, ni lazima uonekane ndani ya azimio lenyewe. Sheria ndogo za kijiji haziwi na nguvu mpaka halmashauri ya wilaya izipitishe, na muhtasari wa mkutano uliozijadili huambatanishwa zinapopelekwa.

Kuhusu fedha, "taarifa ilisomwa ikapokelewa" isikubalike. Karatasi yenyewe ya mapato na matumizi ibandikwe kama kiambatisho, na maswali yaliyoulizwa yaandikwe.

Hatua ya 5: Soma maazimio kabla watu hawajatawanyika

Kama mkutano wenu hauna nafasi ya kubadili mengi katika utaratibu wake, badilini hili moja. Kabla ya kufunga, mtendaji asimame asome maazimio yote kwa sauti kama yalivyoandikwa, na mwenyekiti aulize kama ndivyo ilivyokubaliwa. Inachukua dakika kumi. Anayesikia "ekari 20" wakati zilikubaliwa 12 atapiga kelele pale pale, huku mashahidi wote wapo. Masahihisho yakifanyika, kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya awali yasomeke, na pembeni wasaini mwenyekiti na mtendaji. Wino mweupe wa kufutia usiguse daftari hili.

Saa ya kufunga iandikwe.

Hatua ya 6: Nakili, saini, thibitisha

Muhtasari safi uandikwe ndani ya siku chache, kumbukumbu zikiwa bado za moto. Ukichapwa kwa kompyuta, nakala iliyochapwa isainiwe kila ukurasa, igongwe mhuri na ipewe namba ya kumbukumbu. Rasimu ya mkono isitupwe. Ikae kwenye jalada hilohilo.

Uthibitisho hufanyika mkutano unaofuata. Muhtasari unasomwa, wanakijiji wanasahihisha, na mwenyekiti anasaini pamoja na kuandika tarehe ya kuthibitishwa. Tarehe hiyo itakuwa tofauti na tarehe ya mkutano wenyewe, na hilo ni sawa. Kinachotia shaka ni muhtasari wenye sahihi zote, pamoja na ya uthibitisho, zilizowekwa kwa siku moja, hata kabla ya kufanyika mkutano uliopaswa kuuthibitisha.

Yatokanayo nayo yaandikwe azimio kwa azimio: limetekelezwa, linaendelea au limekwama, na kwa nini.

Hatua ya 7: Bandika, peleka, hifadhi

Maazimio na taarifa ya fedha yabandikwe kwenye mbao za matangazo. Orodha ya majina ibaki ofisini. Kwenye mbao inatosha idadi.

Nakala moja iende kwa Mtendaji wa Kata, na penye ulazima kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kila moja kwa barua, nanyi mbaki na nakala ya barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Siku ofisi ya kijiji ikiungua au kuvamiwa na mchwa, nakala ya kata ndiyo itakayowaokoa. Piga na picha za kurasa zote kwa simu siku hiyohiyo, ziwe na watu wawili au watatu wenye dhamana.

Daftari liwe la jalada gumu, na kurasa zipewe namba kwa mkono kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kabla halijaanza kutumika. Ukurasa ukichanwa, pengo litajulikana. Likae kwenye sanduku au kabati la chuma lenye kufuli, ofisini, si nyumbani kwa mtu. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya 2002, inakataza kuharibu kumbukumbu za umma bila idhini, kwa hiyo daftari lililojaa haligeuzwi kuwa la kufungia maandazi. Mihtasari ya ardhi, mipaka na mpango wa matumizi ya ardhi ihesabuni kuwa ya kudumu.

Hatua ya 8: Mtu akiomba kuuona

Mwanakijiji akitaka kusoma muhtasari wa mkutano wake mwenyewe, mpe kiti asome mbele yako. Akitaka nakala, aandike ombi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inampa raia haki hiyo, na jibu linapaswa kutolewa mapema iwezekanavyo, lisizidi siku 30. Ukikataa, kataa kwa maandishi na utaje sababu. Daftari halisi lisitoke ofisini. Toa nakala iliyoandikwa "nakala sahihi ya asili", yenye sahihi, tarehe na mhuri, na uandike kwenye rejista nani amepewa nini.

Wewe mwombaji, usiondoke mikono mitupu. Hakikisha ombi lako limegongwa mhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.

Makabidhiano, na pale muhtasari unapopotea

Mtendaji akihamishwa, au uongozi ukibadilika baada ya uchaguzi, makabidhiano yafanyike kwa orodha: madaftari mangapi, ya kuanzia tarehe gani hadi gani, yana kurasa ngapi, mhuri upo, majalada yapi yanakosekana. Anayetoa, anayepokea na shahidi kutoka ofisi ya kata wasaini wote watatu. Anayepokea asisaini kabla hajafungua kila daftari.

Ikigundulika kwamba muhtasari fulani haupo, asikae mtu kuuandika upya kutoka kichwani na kuuwekea tarehe ya zamani. Huko ni kughushi, hata kama kila neno lililomo ni la kweli. Omba kwanza nakala kutoka kata na wilaya. Zikikosekana, peleka taarifa ya upotevu kwa Halmashauri ya Kijiji na kwa Mtendaji wa Kata, kisha itisha mkutano mkuu wenye agenda hiyo mahususi. Wanaokumbuka waeleze, majina yao yaandikwe, na mkutano uamue upya jambo husika kwa kura. Muhtasari utakaotoka hapo uwe na tarehe ya siku hiyo, na useme wazi katika aya ya kwanza kwamba ule wa awali ulipotea.